Umri wa Miamba: Miaka Iliyobaki na Miaka Iliyopotea



Nimeombwa nieleze maana ya wakati wa kijiolojia. Desturi ni kuanza na umri wa dunia, miaka bilioni 4.54, kisha kuubana wote katika saa 24 ili binadamu atokee sekunde chache kabla ya saa sita ya usiku. Mfano huo umezoeleka mashuleni, na mimi siupendi. Unamfundisha mtoto jambo moja tu, kwamba yeye ni mdogo, na mtoto wa Kiafrika ameshaambiwa hilo na watu wengi mno. Tena unamfanya adhani kwamba wakati huo mrefu umehifadhiwa wote, dakika kwa dakika, unangoja kusomwa. Haukuhifadhiwa hivyo, na habari kubwa imo humo.

Twendeni Ngorongoro, tushuke hadi chini ya Korongo la Oldupai, ambalo vitabu vingi vimezoea kuliandika Olduvai. Ukuta wake una kimo cha mita 90 hivi. Chini kabisa pana basalti, mwamba mweusi mzito uliotoka ardhini ukiwa uji wa moto karibu miaka milioni 2 iliyopita. Juu yake yamelala matabaka ya kijivu na ya rangi ya udongo mkavu, ambayo Mjerumani Hans Reck aliyapa namba alipofika mwaka 1913: la kwanza, la pili. Kisha linakuja la tatu, jekundu, lisilohitaji kuonyeshwa kwa kidole. Halafu la nne, na mengine membamba zaidi, mpaka kwenye majani ya mbugani.

Sasa tufanye hesabu ya darasani. Mita 90 ni milimita 90,000. Ukigawa miaka milioni 2 kwa milimita hizo unapata miaka 22 kwa kila milimita moja. Mgawanyo ni sahihi, lakini hakuna hata milimita moja ya ukuta ule iliyowekwa kwa mwendo huo. Yapo matabaka ya majivu ya volkano yaliyoanguka kwa siku chache tu, yakafunika uwanda mzima. Yapo matope ya ziwa lililokuwapo pale, ambalo lilipanuka na kusinyaa kadiri mvua zilivyokuja na kukata. Na kati ya tabaka na tabaka kuna mistari myembamba, ambayo ukiiwekea ukucha unaifunika, nayo inasimamia maelfu ya miaka ambapo hakuna kilichotua, au kilichotua kikasombwa. Siku moja inaweza kuwa na unene wa mkono, na miaka elfu kumi ikakosa hata unene wa karatasi. Anayeusoma ukuta bila kulijua hilo ataona mawe mengi asione wakati.

Tumeijuaje basi miaka hiyo? Tarehe 17 Julai 1959 mwanaakiolojia Mary Leakey aliona mfupa na meno vikichungulia kwenye mteremko wa tabaka la kwanza. Zamadamu yule aliitwa Zinjanthropus, na fuvu lake liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mumewe, Louis Leakey, alikuwa akikadiria umri wa miaka 600,000 hivi. Makadirio ya wakati ule yalitegemea kulinganisha wanyama na matabaka ya mahali pamoja na ya pengine. Ukikosea pa kwanza, umekosea pote. Mwaka 1961 Leakey, pamoja na Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitangaza jibu jipya: miaka milioni 1.75. Historia ya ukoo wetu ilirefuka karibu mara tatu kwa makala moja fupi.

Fuvu lenyewe halikupimwa. Yalipimwa majivu ya volkano yaliyolala pamoja nalo. Chukua punje moja ya feldispa kutoka katika majivu hayo, safi, inayopitisha mwanga, isiyofika milimita mbili. Ndani yake mna potasiamu, na katika kila atomu 10,000 za potasiamu, moja hivi ni ya aina isiyotulia, potasiamu 40. Aina hii hugeuka yenyewe, haiharakishwi na joto wala haicheleweshwi na baridi. Sehemu kubwa yake huwa kalisi, na moja kati ya kumi hivi huwa agoni, ambayo ni gesi. Nusu ya potasiamu 40 huisha kwa miaka bilioni 1.25. Mwamba ukiwa bado umeyeyuka ndani ya volkano, gesi hiyo hutoroka. Punje ikishapoa, agoni yoyote itakayozaliwa hukwama humo humo. Maabara huiyeyusha punje tena, huinasa gesi na kuihesabu, na kutokana na kiasi chake hujulikana miaka iliyopita tangu mlipuko.

Kazi hiyo ina mitego. Majivu yakisombwa na maji huchanganyika na punje za zamani zaidi, na chache tu za namna hiyo hutosha kuharibu jibu. Ndiyo maana vipimo vimerudiwa mwaka baada ya mwaka, siku hizi punje moja moja kwa leza, na umri wa mahali alipolala Zinjanthropus umesogea hadi miaka milioni 1.84. Wako wanaoona kusogea huko ni dalili ya wanasayansi kubahatisha. Kwangu mimi ni kinyume chake: jibu la kwanza lilipimwa upya na vyombo bora, likasogezwa kwa miaka 90,000, na kila mtu anaweza kuangalia kwa nini.

Basalti ya chini nayo ina neno lake. Lava inapopoa, chembe za chuma ndani yake hushika mwelekeo wa usumaku wa dunia wa siku hiyo na hubaki hivyo. Mwaka 1963 Sherman Grommé na Richard Hay walichapisha vipimo vya usumaku wa basalti ya Oldupai. Ilipokuwa inapoa, dira ingeelekea kaskazini kama leo, ingawa kabla na baada ya hapo kulikuwa na vipindi virefu ambavyo dira ingeelekea kusini. Kipindi hicho cha dira kuelekea kaskazini, cha kati ya miaka milioni 1.95 na 1.78 iliyopita hivi, kinaitwa Olduvai duniani kote. Mtafiti anayechimbua tope katika sakafu ya bahari, hata akiwa mbali kabisa na Afrika, hulitaja jina la korongo hili ili aseme amefika wapi katika wakati. Watoto wetu wanastahili kulijua hilo kabla hawajakariri majina ya vipindi vilivyopewa majina ya wilaya za Ulaya.

Tutoke korongoni. Kilomita chache kutoka pale lilipopatikana fuvu kuna kilima kinachoitwa Naibor Soit. Mawe yake ni meupe, magumu, na yakipasuka huacha makali. Wanajiolojia huyaita kwatzaiti. Zamadamu wa Oldupai waliyajua vizuri kuliko sisi: pale alipolala Zinjanthropus vimeokotwa vibanzi vingi vya jiwe hilo, na jiwe hilo halitoki pale. Lilibebwa.

Kishike kibanzi kimoja cha namna hiyo. Kilibanduliwa na mkono wa kiumbe aliyeishi miaka milioni 1.84 iliyopita, nundu ndogo ya pigo bado inaonekana ubavuni. Jiwe lenyewe lilipikwa na kukandamizwa chini ya milima mikubwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Na kabla ya kupikwa lilikuwa mchanga, uliosombwa na maji ya mto au bahari isiyo na jina. Kitu kimoja, kinachoenea kwenye kiganja, kina umri wa namna tatu, na hakuna hata mmoja kati yake ulio wa uongo.

Sasa tazameni kinachokosekana. Lava na majivu ya Oldupai yamelala moja kwa moja juu ya mwamba huo wa kale na kuzizunguka kingo zake. Kati ya jiwe jeupe na basalti nyeusi hamna kitu. Nusu bilioni ya miaka haina hata kiganja cha tope cha kuishuhudia. Katika pengo hilo ndimo samaki walimopata taya, misitu ya kwanza ikaota, makaa ya mawe ya Kiwira na Ngaka yakajilaza kusini, mijusi mikubwa ikaja na kutoweka, ndege wakaruka, nyasi zikaenea. Yote hayo yalipita, na mvua ilinyesha juu ya eneo hili kama kwingine. Lakini nchi ilikuwa imeinuka, na nchi iliyoinuka haijiwekei akiba, humomonyoka. Milima ile mikubwa ilitafunwa hadi mizizi yake ikawa vilima, na mchanga wake ukapelekwa mabondeni na baharini.

Wasomi walianza zamani kulisoma pengo la namna hii. Al-Biruni, karne ya 11, aliona jinsi mawe ya mito ya India yalivyo makubwa karibu na milima na kuwa madogo kadiri yanavyosogea mbali nayo, hadi kuwa mchanga, akahitimisha kwamba nyanda zile zilikuwa bahari iliyojazwa polepole. Mskoti James Hutton aliwapeleka wenzake kwa mashua hadi Siccar Point mwaka 1788, akawaonyesha matabaka yaliyosimama wima, yamekatwa, na mengine yamelazwa juu yake. Walichokuwa nacho ni macho na subira. Umri kwa namba ulingojea ugunduzi wa unururifu, yaani kule kugeuka kwenyewe kwa atomu kama za potasiamu 40.

Na hapo pwani yetu inaingia katika habari hii. Arthur Holmes, kijana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 21, alikwenda Msumbiji mwaka 1911 kutafuta madini. Aliugua malaria na madini hayakupatikana. Alichopata ni kuiona miamba ya kale ya upande huu wa Afrika. Mwaka 1913 alitoa kitabu juu ya umri wa dunia, akitetea saa ya unururifu wakati ambapo wengi bado walishikilia makadirio ya mwanafizikia Lord Kelvin ya miaka milioni 20 hadi 40. Na baadaye, mwaka 1951, ndiye aliyeupa jina Ukanda wa Msumbiji, ule mlolongo wa miamba iliyopikwa unaopanda kutoka Msumbiji kupitia Tanzania na Kenya kuelekea kaskazini. Milima ya Uluguru, Usambara na Upare imo humo. Tanzanaiti ya Mererani imo humo. Naibor Soit pia. Umri wa dunia yenyewe, miaka bilioni 4.55, ulitolewa na Clair Patterson mwaka 1956 kwa kupima risasi iliyomo ndani ya vimondo. Vipimo vya leo vimeusogeza kidogo sana.

Nimesema pengo la Oldupai limemeza mijusi mikubwa. Kusini halikuimeza. Tendaguru, mkoani Lindi, miaka milioni 150 hivi iliyopita palikuwa pwani tambarare, na pwani iliyo chini huhifadhi. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulichimba pale, na waliochimba na kubeba walikuwa watu wa hapa, mamia yao, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa, ikatwikwa kichwani na mabegani, ikapelekwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa mijusi hiyo, wenye kimo cha zaidi ya mita 13, umesimamishwa Berlin tangu mwaka 1937. Kuna mjusi mwingine uliopewa jina la Boheti mwaka 2007, miaka karibu mia baada ya kazi yake. Bunge letu limewahi kuujadili mjusi ule wa Berlin, urudi au usirudi. Mimi nasema mjadala huo ni halali kabisa, ila una upungufu: unauzungumzia mfupa kama mali tu. Lindi ilinyang'anywa pia sehemu ya wakati ambayo mwinuko wa kaskazini haukuihifadhi. Ukitaka kujua nini kilikuwa kinatembea katika nchi hii miaka milioni 150 iliyopita, huna pa kuuliza Ngorongoro. Unauliza Tendaguru, na Tendaguru itakuambia nenda Berlin.

Kwa nini mambo haya yamhusu mtu mwenye ada za shule za kulipa? Nitataja mawili.

La kwanza ni Rukwa. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba katika bonde lile kuna gesi nyingi ya heliamu. Heliamu ndiyo inayopoza sumaku za mashine za MRI hospitalini, na hakuna kiwanda kinachoitengeneza kwa kiasi cha maana. Hutoka mahali pamoja: urani na thoriamu zilizomo ndani ya miamba ya kale zinapogeuka. Atomu moja ya urani 238 mpaka iwe risasi hutoa atomu nane za heliamu, na nusu ya urani hiyo huhitaji miaka karibu bilioni 4.5 kufanya hivyo. Ni saa ile ile niliyowaeleza, ila hapa gesi imekusanyika kwa wingi wa kuuzwa. Miamba ya kale iliishikilia kwa muda mrefu kupita kiasi. Kisha Bonde la Ufa likafunguka, joto likapanda, gesi ikaachiliwa na kunaswa chini ya matope. Ikishaingia hewani hupanda hadi ikaiacha dunia, na hairudi. Sisemi isichimbwe. Nasema mkataba wake utiwe saini na watu wanaojua kwamba kinachouzwa hakina msimu wa pili.

La pili ni pwani. Mombasa imejengwa juu ya mwamba wa matumbawe, na kwa mwamba wa matumbawe. Nenda Ngome ya Yesu, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, usogee karibu na ukuta kuliko watalii wanavyosogea. Ndani ya jiwe utaona matundu madogo ya mviringo, yamepangwa, kila tundu lilikuwa nyumba ya mnyama mmoja wa baharini. Handaki la ngome limechongwa katika mwamba huo huo. Matumbawe yale yalikuwa hai miaka kama 125,000 iliyopita, yakikua chini ya maji, na leo yako juu ya nchi kavu. Wakati ule dunia ilikuwa na joto kidogo tu kuliko ilivyokuwa kabla ya viwanda, na bahari ilikuwa juu kuliko ya leo kwa mita sita hadi tisa. Kwa macho ya jiolojia hilo ni jana. Watu wenye miili na akili kama zetu walikuwapo tayari Afrika. Anayesema bahari haiwezi kufika sebuleni kwake, na nyumba yake iko Mombasa, amejenga sebule juu ya ushahidi kwamba ilikwisha kufika.

Nimalizie Laetoli, kusini ya Oldupai, safari ya kilomita 45 hivi. Miaka milioni 3.66 iliyopita volkano ilimwaga majivu, ikanyesha mvua nyepesi. Vishimo vya matone vipo hadi leo, unaweza kuweka ncha ya kidole. Juu ya majivu hayo mabichi walipita sungura, kanga, twiga, na zamadamu waliotembea wima kwa miguu miwili. Majivu yalikuwa na chumvi zinazoganda kama saruji, yakakauka, na majivu mengine yakaanguka juu yake kabla upepo haujafuta kitu. Nyayo za zamadamu, njia ya mita 27 hivi, zilifukuliwa mwaka 1978 na 1979 na timu ya Mary Leakey. Kutoka milenia nzima kabla na baada ya hapo huenda hatuna hata unyayo mmoja. Kutoka siku hiyo tunajua nani alipita, akielekea wapi, na kwamba mmoja alikanyaga ndani ya unyayo wa mwenzake.

Baada ya kupimwa, nyayo zilifukiwa tena kwa mchanga. Katika mchanga mlikuwa na mbegu za migunga. Miti ikaota, mizizi ikaanza kushuka kuelekea kwenye nyayo. Katikati ya miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale na Taasisi ya Getty walizifukua, wakaitoa mizizi kwa uangalifu mkubwa, wakazifunika upya kwa vitambaa maalumu, mchanga na mawe. Kilichovumilia miaka milioni 3.66 kilikaribia kuharibiwa kwa chini ya miaka 20 tangu tulipokigusa.

Tangu hapo limekuwa likiulizwa swali kama nyayo zifunuliwe na kujengewa jumba, ili wageni wazione na wenyeji wapate kipato. Wanaotaka hivyo nina ndugu na marafiki miongoni mwao, na hoja ya kipato si ndogo kwa mtu wa Ngorongoro. Hata hivyo nasimama upande wa wanaosema zibaki chini. Jua la mchana na baridi ya usiku hupasua majivu yale, na jumba linahitaji umeme, fundi na bajeti kila mwaka, bila kukosa mwaka hata mmoja. Mwaka 2015 nyayo nyingine zilipatikana mita 150 hivi kutoka zile za kwanza, wakati wa kuchimba mashimo ya kukagua eneo ambalo lilipendekezwa kujengwa makumbusho. Zilikuwa salama, kwa kuwa hakuna aliyejua kuwa zipo.